Dirisha la Ewald

29 Septemba

Daktari wa mapafu kanipa daftari hili. Kasema kila siku niandike Ewald kapumuaje, hewa ya nje ikoje, na kama dirisha lilikuwa wazi. "Mstari mmoja unatosha, mama." Mstari mmoja! Hanijui huyo.

Haya basi. Pumzi nzuri. Hewa nzuri. Dirisha wazi.

Ewald ni mume wangu. Alichimba makaa ya mawe tangu hajaota ndevu mpaka mapafu yakajaa vumbi. Sasa anashinda kwenye kiti chake, mgongo kwenye jiko letu la vigae linalopasha nyumba joto, mrija wa mashine ya hewa puani. Hawezi tena kushuka uani kwa njiwa wake, kwa hiyo anawasikiliza dirishani. Anamjua kila mmoja kwa sauti. Mimi miaka yote hii nasikia gu-gu-gu tu.

Leo lori la makaa limemwaga mzigo chini ya dirisha. Kaniagiza nimletee kipande. Kakigeuza, kakinusa. "Haya ya shimo letu," kasema. Nikamwambia mzee, makaa ni makaa. Kaniangalia kama nimemtukania mama yake. Rufin wa chini ndiye aliyeyaingiza yote stoo, peke yake, na umri ule, na hakutaka hata chai.

6 Oktoba

Pumzi nzuri. Ukungu asubuhi, halafu jua. Dirisha wazi.

11 Oktoba

Pumzi ya wastani. Watu wameanza kuwasha majiko. Dirisha wazi mpaka adhuhuri, kisha nimefunga.

Tumepata mgeni kutoka halmashauri, msichana anaitwa Bogna, ana koti jekundu na pua iliyopauka kwa baridi. Kaanza kwa kuuliza, "Mama, humu mnawasha nini?"

"Makaa," nikamwambia. "Ulidhani mishumaa ya kanisani?"

Ewald kacheka mpaka kikohozi kikamkamata, ikabidi tumsubiri wote wawili. Kisha Bogna kaeleza. Halmashauri imepitisha kwamba majiko yote ya zamani ya mtaa wetu yaondoke. Watu wataletewa maji moto kwa mabomba kutoka mtambo wa mji, na vyuma vya joto ukutani. Anayejiandikisha mapema anawekewa mapema, na halipi kitu. Ukutani pale shuleni wameshatundika kipima hewa chenye taa: kijani ni hewa nzuri, njano si mbaya, nyekundu watoto wasitoke nje.

"Mwanangu," Ewald kamwambia, "jiko hili nimeliegemea kabla baba yako hajazaliwa. Mkiling'oa nitaanguka chali." Kasema kwa utani, na binti wa watu kacheka kwa adabu.

Rufin alikuwa kasimama kwenye ngazi anasikiliza, kama kawaida yake. "We binti! Moshi huu nimeula tangu naachishwa ziwa, na nipo!"

"Nakuona, mzee," Bogna kasema. "Na huyu aliyemo humu ndani naye namwona."

Rufin kamgeuzia mgongo. Nilipenda jibu lile, ingawa sikuonyesha.

12 Oktoba

Pumzi ya wastani. Taa njano. Madonge ya viazi na kabichi nyekundu. Ewald kala mawili.

19 Oktoba

Pumzi mbaya asubuhi, jioni afadhali. Taa nyekundu kwa mara ya kwanza. Dirisha limefungwa.

Rufin anawasha tope. Ni yale masalia yanayobaki makaa yakioshwa, meusi, mabichi, yanauzwa kwa bei ya kutupa na yamepigwa marufuku. Moshi wake ni mzito, wa manjano, unapita mbele ya dirisha letu moja kwa moja. Nimemgongea. "Rufin, washa makaa ya maana, mwenzio anakufa huko juu." Kasema, "Shemeji, makaa ya maana yako kwa wenye mali. Mke wangu Elfryda miguu imevimba kwa baridi. Nimwambie avumilie?" Kafunga mlango. Sikupendi, Rufin. Naandika hapa ili daktari naye ajue.

20 Oktoba

Nilimlalamikia Ewald habari za Rufin. Badala ya kukasirika, kanirudia kisa kilekile nilichokisikia tangu niko bibi arusi: siku mwamba uliposhuka kule mgodini ukamfukia Rufin, na mkuu wa zamu akaamuru mashine zote zizimwe, shimo zima, mpaka feni za mbali, ili wasikie kama anagonga. "Kimya, Truda. Hujawahi kusikia kimya kama kile. Watu na mabeleshi yao wamesimama tu. Halafu tukasikia: ko, ko." Huwa anagonga kwenye vigae vya jiko akifika hapo. Kagonga na leo. Ndivyo ilivyo kule chini, mmoja akikosa hewa hakuna anayefanya kazi.

Basi siwezi hata kumsema Rufin nyumbani kwangu.

1 Novemba

Siku ya Watakatifu Wote, makaburini peke yangu, bila Ewald. Nimewasha mishumaa ya wazee wake na ya wangu. Niliporudi aliniuliza kama nimewasalimia. Nikasema ndiyo, wanauliza lini unakuja. Tulicheka, halafu hatukucheka tena.

Pumzi mbaya. Taa nyekundu. Dirisha limefungwa.

7 Novemba

Nyekundu. Limefungwa.

13 Novemba

Sijui nianzie wapi. Jana, wakati namenya viazi, nilisikia kiti kinaburutwa. Ewald alikuwa kajaribu kusimama. Midomo ilikuwa ya bluu. Alikuwa ananionyesha dirisha kwa mkono, nikadhani anataka hewa, nikalifungua, loo, moshi wa Rufin ukaingia wote kana kwamba ulikuwa unasubiri kualikwa! Nililifunga kwa kishindo mpaka kioo kimepata ufa. Gari la wagonjwa lilikuja. Rufin ndiye aliyembeba kushuka ngazi, kwa sababu machela haikupinda kwenye kona.

Hospitalini daktari kaniuliza, kwa sauti ya upole kabisa, "Mama, nyumba mnaipasha joto na nini?" Nikasema makaa. Niliona haya kama niliyekamatwa naiba. Kasema, "Akirudi kwenye chumba chenye jiko la makaa, hatauona mwisho wa baridi hii."

Nimerudi nyumbani na viatu vyake mkononi. Walimlaza akiwa na soksi.

16 Novemba

Nimekwenda halmashauri kujiandikisha. Bogna kafurahi mpaka akanishika mikono yote miwili. Sikumwuliza Ewald. Ningemwuliza saa ngapi, na barakoa ile ya hewa usoni? Angekataa, nami ningemtii, kama nilivyomtii siku zote, halafu ningemzika.

Rufin kanisubiri kwenye ngazi. "Ni kweli?"

"Kweli."

"Utamwambia nini akirudi, shemeji?"

"Nitamwambia karibu nyumbani."

Kaenda uani kuwalisha njiwa wa Ewald. Kila asubuhi anawalisha. Hilo nalo naandika, maana haki ni haki.

24 Novemba

Wamelivunja jiko.

Walikuja vijana wawili wenye nyundo, wacheshi, wakatandaza turubai. Kigae cha kwanza kiligoma. Nilikaa jikoni nikakaza macho kwenye bomba la maji. Mama mkwe wangu alikandia mikate ya Pasaka kando ya jiko lile. Judyta wetu, aliyeko Ujerumani sasa, alikaushiwa hapo nepi zake za kwanza. Na pale Ewald anapoegemeza mgongo vigae vilikuwa vimeng'aa kuliko vingine vyote.

"Bibi, tutupe vyote?" kijana mmoja kauliza. Nikachukua vitatu vya pale palipong'aa. Kasema, "Ukumbusho eh?" Nikamwambia avipanguse masizi na aache umbea.

Sasa ukutani kuna vyuma vyeupe. Vina joto, siwezi kusema uongo. Hakuna majivu, hakuna ndoo, hakuna vumbi kwenye mapazia. Nimezunguka chumbani sijui nikae wapi.

4 Desemba

Sikukuu ya Mtakatifu Barbara, msimamizi wa wachimba makaa, na Ewald karudi nyumbani. Alfajiri bendi ya wachimba makaa imepita mtaani ikipiga ngoma kuamsha watu kama kila mwaka. Yeye kaletwa mchana. Nilimvika shati jeupe hospitalini, sare ya wachimbaji hakuiweza.

Kaingia kwa miguu yake, kanishika bega, mashine naivuta nyuma kama mbwa. Kasimama mlangoni. Kaangalia ukuta muda mrefu. Nilikuwa nimejitayarishia hotuba nzima: daktari kasema, moshi umekwisha, tena bure. Yote ilinitoka.

"Vyeupe sana," kasema.

"Vinapasha vizuri, Ewald. Jaribu kushika."

Kashika. "Kweli. Vinapasha." Kisha kaangalia kiti chake, nilichokisogeza karibu na vyuma. "Nitaegemea wapi, Truda?"

Nikasema nitaleta mto. Nilikwenda chumbani kuuchukua nikakaa huko nikilia, nimejiziba mdomo na huo mto. Niliporudi alikuwa ameketi wima kama mtu anayesubiri zamu yake kwa daktari. Vyuma vile vina kingo, haviegemeki. Kasema, "Usilie. Umefanya vizuri." Na hilo ndilo baya zaidi, kwamba hakunigombeza.

5 Desemba

Nimeweka kigae kimoja kwenye oveni ya umeme, kikapata moto, nikakifunga kwa taulo nikakipachika mgongoni kwake. Kafumba macho. "Ni kile cha kushoto, chenye nyufa," kasema. Alikijua kwa mgongo!

Pumzi afadhali. Taa nyekundu. Dirisha limefungwa.

11 Desemba

Pumzi mbaya tena, na humu ndani hakuna moshi. Nimenusa kila kona. Unatoka nje: dirishani, chini ya mlango, kwenye ngazi. Tumejiandikisha sisi na nyumba nyingine mbili, basi. Dohani nyingine zote zinafuka vilevile. Nimelivunja jiko lake ili avute moshi wa majirani.

12 Desemba

Nimempigia Bogna simu, nikamfokea. Nimemwita mwongo. Kasema, "Mama, siwezi kumlazimisha mtu kabla mwaka ujao haujaisha. Sheria iko hivyo. Ila anayewasha tope, huyo askari wa mji wanaweza kumtembelea. Ni nani?"

Niliufunga mlango wa chumba kwanza. Halafu nikamtaja. Nikasema na tafadhali.

15 Desemba

Askari wa mji wamekuja kwa Rufin, wakachota majivu kwenye kopo, wakampiga faini. Mtaa mzima umeona. Elfryda alisimama mlangoni na blanketi mabegani, analia. Ewald kaniuliza kelele za nini. Nikasema sijui.

16 Desemba

Rufin kawalisha njiwa, kama kawaida. Kapita chini ya dirisha bila kuinua uso. Moshi wake umepungua. Nyumba yao lazima ni baridi sasa.

24 Desemba

Samaki, supu, mkate wa mbegu za mpopi. Judyta kapiga simu kutoka Ujerumani. Sahani ya mgeni asiyetarajiwa niliiweka mezani, kama desturi ya mkesha wa Krismasi, na hakuna aliyekuja. Pumzi mbaya. Limefungwa.

9 Januari

Baridi kali, upepo hakuna, moshi umekaa bondeni hauendi popote. Nyekundu. Nimebandika utepe wa gundi kuzunguka fremu yote ya dirisha na juu ya ule ufa. Ewald kanitazama nikibandika. "Maisha yangu yote nimeshuka chini ya ardhi nikapanda," kasema. "Sasa unanifukia ghorofani."

12 Januari

Kaomba dirisha. Nimekataa.

13 Januari

Kaomba dirisha. Nimekataa.

17 Januari

Kaomba dirisha, "dakika moja tu, niwasikie." Nikamwambia kwa ukali, unataka nikuue kwa mkono wangu? Kasema basi, basi. Baadaye nilimwona ameweka kiganja kwenye kioo. Kioo kinatetemeka kidogo njiwa wakiruka kwa pamoja, anadai. Mimi sijasikia kitu.

18 Januari

Nyekundu. Nimekataa.

26 Januari

Nyekundu. Hakuomba. Afadhali angeomba.

3 Februari

Padri amekuja na mafuta matakatifu. Daktari kaja naye, kapunguza maneno. Kasema sasa ni kumtunza tu. Nikamwuliza na dirisha je? Kanijibu, "Kwa hewa hii, mama, itakuwa kumkaba." Nikauliza na hewa ikiwa nzuri? Kaangalia nje, kwenye taa ya shule iliyokuwa nyekundu tangu Krismasi, kisha kanishika mkono.

5 Februari

Bogna kaja kukagua vyuma. Nilikusudia kumfukuza. Lakini Ewald kamwita, "Njoo mwanangu, kaa," naye kakaa chini sakafuni karibu na kiti, na koti lake jekundu. Kamwuliza anahitaji kitu gani.

"Njiwa," Ewald kasema. Kila neno sasa linamgharimu. "Kuwasikia. Asubuhi moja."

Bogna kainamisha kichwa. Mlangoni kaniambia, "Mama, naweza kuandika barua kwa mkurugenzi, waombwe wakazi..." Nikacheka, Mungu nisamehe. Nikamwambia, "Nenda nyumbani, mwanangu, ukapashe pua yako." Sikuwa na hasira naye tena. Ni mtoto tu, kapewa kijiko akaambiwa akaushe bahari.

7 Februari

Nimekwenda kwa Rufin. Nilisimama mlangoni kwake kama mwombaji. Elfryda alikuwa kwenye kochi, miguu kwenye beseni la maji moto. Nikasema yote kwa pumzi moja kabla sijakimbia. "Ni mimi niliyewaita askari."

"Najua," Rufin kasema. "Askari waliniambia aliyepiga simu halmashauri kasema tafadhali. Mtaa huu ni wewe tu unayesema tafadhali."

"Na bado unawalisha njiwa."

"Njiwa wamenikosea nini?" Kasukuma kiti kwa mguu nikae. Sikukaa. Kasema, "Hukuja kwa hilo, shemeji. Vipi Ewald?"

"Anakwisha."

"Anataka nini?"

"Dirisha," nikasema, na hapo nikashindwa. Nililia mbele ya Rufin, mimi! Nikamweleza kwa vipande vipande, njiwa, utepe, kiganja kwenye kioo, jinsi nilivyokataa kila siku mpaka akaacha kuomba. Elfryda naye analia na miguu majini. Rufin kasimama. Kavaa kofia, kachukua fimbo, katoka kwa haraka. Nilidhani amekasirika.

8 Februari

Niandike polepole.

Theluji ilianguka usiku. Niliamka kukiwa kumepambazuka, nikahisi kitu hakipo, sikujua nini. Nilikwenda dirishani. Dohani ya mkabala haikuwa na moshi. Ya pembeni yake haikuwa na moshi. Nilipanda kwenye kibao nichungulie mpaka mwisho wa mtaa. Hakuna. Huku hakuna, kule hakuna. Anga ilikuwa ya bluu juu ya mapaa yetu, na shuleni taa ilikuwa kijani.

Nilifungua mlango. Ngazini watu walikuwa wamesimama na makoti na kofia kama wanaosubiri gari moshi. Mama wa ghorofa ya tatu kamfunga mwanawe ndani ya koti lake mwenyewe. Elfryda kaketi kwenye ngazi ya chini, mablanketi mawili, meno yanagongana. Nikamwuliza ni nini hiki?

"Rufin kagonga kila nyumba jana jioni, pande zote mbili," kasema. "Kawaambia mmoja wetu hana hewa."

"Na wakakubali?"

"Nani angekataa? Tuliacha majiko yazime. Wewe Truda umesimama nini, nenda kafungue!"

Nilirarua utepe kwa kucha. Rangi ya fremu ilitoka nayo. Nilifungua pande zote mbili hadi ukutani, baridi ikaingia, safi, yenye harufu ya theluji tu. Nilimfunika Ewald kila kitu tulicho nacho, na kofia yake ya manyoya juu. Kafumbua macho.

Chini uani Rufin alifungua banda. Waliruka wote kwa pamoja, na safari hii hata mimi nilisikia, sauti ile ya mabawa ikizunguka juu ya paa, inaondoka, inarudi. Ewald aliwafuata kwa macho. Kapumua. Nilimwona akipumua, kifua kinapanda chote, si ile ya kudokoa. Kasema, "Yule wa kijivu. Bado anakata kona vibaya."

"Mpumbavu yule," nikasema.

Kasikiliza kwa muda mrefu. Kisha kaangalia mapaa. Mchimba makaa ni mchimba makaa, huwezi kumficha dohani. "Hakuna moshi," kasema. "Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Watu wamechelewa kuamka."

Kageuza macho kunitazama. Anajua ninapodanganya, amekaa nami maisha mazima. Mkono wake ukatoka kwenye mablanketi, akagonga kwenye mkono wa kiti: ko, ko. Nikaelewa kwamba ameelewa. Akasema, "Mwambie Rufin awashe. Elfryda ana miguu mibaya."

"Nitamwambia."

"Sasa hivi, Truda. Wataumwa."

"Kidogo tu, Ewald. Kaa nao kidogo."

Kakaa nao. Baadaye kasema mgongo una baridi. Nikaenda kupasha kigae. Nilisimama mbele ya oveni nikisikia njiwa wanarudi mmoja mmoja bandani na Rufin akiwapigia mluzi. Nikakifunga kigae kwa taulo, nikarudi, nikakipachika pale pake, nikamwambia haya mzee, ni kile cha kushoto. Hakusema ni kile. Niliita jina lake. Niliinama, nikasikiliza puani, mashine ilikuwa inanguruma bure.

Nilimkumbatia kigae kikiwa katikati yetu. Kilikaa na joto muda mrefu kuliko yeye.

Baada ya muda nilikwenda dirishani. Majirani sasa walikuwa wamesimama uani, wote, nyuso juu. Niliwatikisia kichwa. Rufin kaniangalia, kavua kofia kwenye theluji ile, kapaza sauti maneno wanayosalimiana kule chini ya ardhi: "Mungu akupe heri, Ewald." Wanaume wakayarudia.

Nilisema, "Washeni moto. Yeye mwenyewe kasema muwashe." Hakuna aliyekwenda kuwasha mpaka walipomteremsha.

12 Februari

Tumemzika. Bendi, sare nyeusi, kofia zenye manyoya meupe. Sare yake niliyomvika ilimpwaya. Mtaa mzima umekunywa supu kwangu, wamegusa vyuma vyeupe kwa zamu, wamesema kweli vinapasha. Moshi nje mpaka makaburini. Taa nyekundu.

20 Februari

Sina cha kuandika. Daktari hahitaji.

10 Machi

Bogna kaja mbio, mashavu mekundu, karatasi mkononi. "Mama! Tumepata siku ya kijani! Baridi yote hii, mtaa wote, siku moja kijani, tarehe nane Februari! Mkurugenzi amefurahi sana. Anataka kujua hatua ipi ndiyo iliyofanikiwa, tuiandike kwenye gazeti la halmashauri, warudie mitaa mingine."

Alikuwa mgonjwa wiki ile, na hakuna aliyemwambia. Kaangalia kiti kisicho na mtu, na furaha ikamtoka usoni taratibu mpaka nikamhurumia mimi.

Nikamkalisha. Nikamwambia yote, kama nilivyoandika hapa. Kaikunja karatasi yake mara mbili. "Niandike nini basi, mama?"

"Andika kwamba mtu mmoja alitaka kuwasikia njiwa wake, na watu wakakaa na baridi."

"Hiyo si hatua ya halmashauri."

"Hapana, si ya halmashauri."

Kalia kwa sauti, kama watoto wanavyolia, na pua ile. Nikampa leso ya Ewald.

28 Machi

Theluji imekwisha. Rufin kapanda ngazi, kasimama mlangoni bila kuingia, viatu vyake vina matope ya uani. "Kesho wanakuja kwangu na nyundo," kasema. "Nimejiandikisha. Usidhani ni kwa sababu ya yule binti."

"Sidhani."

Kajikuna shingo. "Elfryda anauliza, vile vigae vyako. Kwa miguu yake. Kama una cha ziada."

Nikampa viwili. Kile cha kushoto nimebaki nacho. Kakipima kimoja mkononi, kakipitishia kidole pale palipong'aa, kaondoka haraka bila kuaga.

Njiwa wako nje sasa, wanazunguka. Yule wa kijivu bado anakata kona vibaya, nimeshaanza kumtambua, na hakuna wa kumwambia.

Hewa nzuri. Dirisha wazi. Pumzi ni yangu tu.